Nisomee Tarehe, Mwalimu

Kurasa hizi ni za daftari langu la miaka ile maduka ya Njombe yalipoanza kujaa bidhaa za nje. Naziweka hapa zilivyo. Nilichobadilisha ni majina tu.

Njombe, mtaa wa Ramadhani. Jumapili, Julai, saa tisa na robo alasiri.

Baridi ya leo haina adabu. Asubuhi sakitu ilikuwa imetanda kwenye majani nyuma ya nyumba, na mpaka saa hizi jua linaonekana tu, halipashi kitu. Nimevaa sweta mbili, nimejitanda kitenge juu yake, nimeketi kizingitini ili niione nyumba ya Mama Kulwa. Kafunga na kufuli. Amekwenda jumuiya na mapacha wake, alisema atarudi saa kumi na moja.

Akirudi kuna jambo lazima nimwambie. Nisipomwambia kabla hajafungua kopo jipya la maziwa, watoto wake watakunywa kitu ambacho mimi nisingempa hata paka. Nina hasira, nina aibu. Naandika kwa sababu nikikaa bure nitaanza kujitafutia visingizio, na kwa visingizio mimi ni fundi.

Nimesalitiwa.

Nimeliandika hilo neno nikalitazama kwa muda. Wanafunzi wangu wa darasa la sita huliandika kwenye insha zao ovyo ovyo, rafiki kamsaliti rafiki, sungura kamsaliti fisi, nami nawawekea vema. Sikujua kwamba likikupata mwenyewe huwezi kuliwekea vema.

Aliyenisaliti ni Baba Upendo, mume wangu wa ndoa. Ni mtunza stoo kwenye duka moja la jumla kule Makambako. Wiki nzima hukaa huko, Jumamosi hupanda basi akaja Njombe, Jumatatu alfajiri anarudi. Si mlevi, hanipigi, na mshahara wa walimu unapochelewa ni yeye anayetuweka mjini. Ndiyo maana nimechelewa kuamini, na hata sasa kuna kipande cha moyo wangu kinachomtetea.

Lakini nianze na mimi, maana na mimi nina sehemu yangu.

Sisi tuliokulia kwenye foleni hatukufundishwa tarehe. Chakula kilikuwepo au hakikuwepo, basi. Sukari ikifika duka la kaya unakwenda alfajiri kuweka jiwe lako kwenye mstari, jiwe linakushikia nafasi, wewe unarudi kuchota maji. Ukipewa kilo yako unashukuru Mungu. Nani angeuliza imetengenezwa lini? Ungeonekana umerogwa.

Sasa mambo ni ruksa. Malori yanatoka Tunduma, yanatoka Dar, yote yanasimama Makambako, na kinachoshushwa Makambako kesho yake kiko kwenye maduka yetu. Margarini, jamu, biskuti za pakiti, maziwa ya unga yenye picha ya mtoto mashavu tele. Mwaka juzi walimu tukaitwa kwenye semina ya afya ya shule. Bwana afya aliyetufundisha akainua kopo juu, akatuonyesha pale chini palipoandikwa tarehe, akasema ikipita hiyo, mwisho. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya mbele. Nilirudi nyumbani mtu mwingine kabisa.

Siku hiyo hiyo nilifungua kabati la vioo la sebuleni, lile la vitu vya wageni. Kila nyumba hapa inalo. Kitu kizuri kikiingia hakiliwi, kinawekwa kabatini kinasubiri mgeni wa maana. Nilikuta biskuti tulizomwekea mchungaji Krismasi mbili nyuma. Bahati yake hakuwahi kuja. Nilitupa biskuti, nikatupa jamu, nikatupa na kopo la nyama ambalo Baba Upendo alikuwa analiangalia tu kila Jumamosi kwa mapenzi. Akacheka mpaka akashika mbavu, akanibandika jina la Bwana Afya. Nilijifanya nimekasirika. Moyoni nilifurahi sana.

Mtaa nao ukasikia. Kina mama wakaanza kuja na makopo yao, wengine hawajui kusoma, wengine wanajua ila yale maandishi madogo yanawashinda. "Mwalimu, nisomee." Nalipeleka dirishani, nalizungusha, nasoma kwa sauti, kisha natoa hukumu: liko sawa, au, tupa. Hakuna aliyewahi kubisha. Wengine walilichukua kopo dukani kabla ya kulipa, wakamwambia muuzaji, subiri nikamwonyeshe mwalimu. Niseme ukweli, nilipenda. Nilipenda sana kuulizwa.

Na hapa niandike jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Mama mkwe wangu anatoka Wanging'ombe. Nilipomwachisha Upendo ziwa baada ya Pasaka, yeye ndiye aliyekuja kukaa nasi ili mimi niendelee na kazi. Alikuja na kibuyu cha maziwa ya mgando ya ng'ombe wake mwenyewe, amekibeba mapajani njia nzima kisimwagike, anasema haya ni ya mjukuu. Nilimshukuru kwa mikono miwili. Alipokwenda kulala nikayatoa nje nikayamwaga nyuma ya choo, kwa sababu hayakuwa na tarehe. Sikujua siku yalipokamuliwa, sikujua kibuyu kilioshwa na nini. Nilipogeuka nikamwona amesimama dirishani. Asubuhi alinisalimia kamwene kama kawaida, na tangu hapo hajaleta tena maziwa.

Badala yake Upendo akapewa ya kopo, maana ya kopo yana tarehe.

Yalikuwa yanaletwa na baba yake. Kila Jumamosi kopo moja, wakati mwingine mawili, anasema tajiri anawauzia wafanyakazi kwa bei ya ndani. Mimi nalizungusha, nasoma, naona miezi bado ipo, naweka kabatini. Wiki ile ya kwanza mama mkwe alifunua kopo akaingiza pua.

"Mama Upendo, haya maziwa yananuka mafuta ya taa."

Nikamjibu, "Mama, yana tarehe."

Nilimjibu hivyo, na kwa ile sauti yangu ya darasani.

Wiki mbili zilizopita, siku ya Jumanne, Upendo akaanza kuharisha. Jumatano akatapika. Alhamisi macho yalikuwa yamedidimia, nikimfinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama, na hakuwa analia tena, alikuwa anatoa kasauti tu. Ana mwaka mmoja na miezi saba. Nilimfunga mgongoni nikakimbia naye hospitali, mama mkwe nyuma yangu na chupa ya chai. Walimtundikia dripu kwenye mguu kwa sababu mkononi mshipa haukuonekana. Nilikaa pale kitandani nikiahidi mambo kwa Mungu, mengine hata siyakumbuki.

Baba Upendo nilimpelekea habari kwa kondakta wa basi. Alikuja kesho yake, akakaa saa moja, akamshika mtoto kiganja. Alikuwa amepauka. Kabla hajaondoka akaniambia, "Maziwa acha kwanza. Mpe uji tu." Nikasema moyoni, tazama mwanaume anavyompenda mwanawe. Nilimsifia hata kwa mama yake.

Aliyenifumbua macho ni sista mmoja wa wodini, mtu mzima, mwenyeji wa Ludewa. Aliniuliza mtoto anakula nini. Nikamweleza kwa mpangilio, uji wa ulezi, viazi vya kuponda, njegere, maziwa ya kopo. Akataka kuliona hilo kopo. Mama mkwe akaenda nyumbani kulichukua, na lilipofika nililigeuza mwenyewe nikamwonyesha tarehe kwa kidole. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilikuwa najionyesha kwamba si mama wa hivi hivi.

Sista akalipeleka dirishani, pale pale ambapo mimi hupeleka ya watu. Akapitisha ukucha kwenye karatasi.

"Mwalimu, hapa pamekwanguliwa kwa wembe. Hii tarehe imegongwa juu yake."

Akafunua, akanusa, akanipa ninuse. Ule unga ulikuwa umeshikana mabonge, rangi imekwenda manjano, na harufu yake ni ya mafuta yaliyolala. Kila siku nilikuwa nikilifungua lile kopo. Sikuwahi kunusa. Sista alisema hawezi kuapa kwamba ni maziwa, kuhara kwa watoto kuna sababu nyingi, lakini hayo nisimpe tena. Alisema kwa upole, wala hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza.

Baadaye alipoondoka nililitazama tena. Tarehe ishirini na saba, na ile saba haina mstari wa juu. Imebaki kama fimbo iliyoegeshwa.

Naijua hiyo saba.

Mwezi wa pili Baba Upendo aliniuliza kama shuleni kuna mhuri wa tarehe usiotumika, eti wa kugongea karatasi za stoo, tajiri ni bahili hataki kununua. Ofisini kwetu mwalimu mkuu alikuwa amepata mpya, ule wa zamani ulikuwa umelala mtotoni mwa meza na saba yake iliyokatika. Nikauomba. Nikaufunga kwenye gazeti nikampa mume wangu kwa mkono wangu huu, akanishukuru, akaniletea kanga.

Nilikaa na lile kopo mapajani mpaka mama mkwe akaniuliza kama naumwa. Nikasema usingizi tu.

Upendo aliruhusiwa Ijumaa iliyopita. Amekonda, shingo imekuwa nyembamba, ila anakula uji na jana alimfukuza kuku. Namshukuru Mungu kwa hilo, na naliandika kwa herufi kubwa moyoni mwangu. Kama angeondoka, leo nisingekuwa naandika shajara.

Jana Jumamosi baba yake akaja. Alimbeba, akamrusha juu, akamwambia mama yake habari za Makambako. Nilimwacha ale kwanza, maana nilifundishwa kwamba mtu haulizwi neno zito akiwa na njaa. Mama mkwe alipompeleka mtoto kumlaza mchana, nikaleta kopo nikaliweka mezani mbele yake, ile saba ikimwangalia.

Hakukana. Namshukuru kwa hilo, kama ni jambo la kushukuru. Aliweka viwiko mezani akaanza kunieleza polepole kana kwamba mimi ndiye sielewi. Shehena ilifika imebakiza mwezi mmoja. Ikakwama kwenye stoo. Ikapita. Tajiri akasema maziwa hayo hayafai tena kupelekwa sehemu za joto, lakini Njombe na Makete huko juu ni friji la bure. Tarehe zile wazungu wameziandika wakifikiria joto la Dar. Huku kwetu ongeza miezi minne, mitano, hakuna kitu kinaharibika. Kwa hiyo hawamdanganyi mtu, wanarekebisha tu.

"Kwani ni uongo Njombe ni baridi?" akaniuliza.

Na shida ni kwamba hata mimi niliwahi kusema hivyo. Nani hapa hajasema? Nyama tunaitundika jikoni siku tatu. Mkate wa Jumapili tunaula Alhamisi. Jamu yangu mwenyewe ilipita mwezi mmoja mwaka huu, nami Bwana Afya mzima nikajiambia, aa, baridi hii, nikaipaka kwenye mkate. Ile hesabu ya kuongeza miezi kwa ajili ya baridi tunaijua wote, tumezaliwa nayo. Tajiri hakuitunga, ameiokota kwetu akaitengenezea biashara.

Nikamwambia, kwa nini basi hukuniambia? Ungeniambia, Mama Upendo, haya yamepita, ila mimi naona yanafaa, chagua mwenyewe.

Akasema, "Wewe ungeyatupa."

Ndiyo. Ningeyatupa.

Nilikuwa karibu kunyamaza. Mume wangu ana maneno matamu, na nilikuwa nimechoka, nilitaka mtu aniambie kwamba hakuna kilichotokea. Nikanyanyuka nikamimina chai ili mikono ipate kazi. Nikamsogezea kikombe, na nilipotaka kumwekea maziwa, ya ng'ombe haya, mabichi, nimenunua kwa jirani, akaziba kikombe kwa kiganja. Bila kufikiri. Kama mtu aliyezoea.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Tangu Pasaka mwanaume huyu anakunywa chai ya rangi. Mtu aliyekuwa akigomba chai ikikosa maziwa. Nilipomuuliza alisema maziwa yanamjaza tumbo, nami nikamwonea huruma, nikawa namchemshia na tangawizi. Miezi mitatu. Anakaa kwenye meza hii, mimi namkorogea mtoto maziwa, mama yake mzazi anajimiminia, mimi najimiminia, na yeye anaziba kikombe.

Nikamuuliza swali moja tu. "Kama baridi inayatunza, wewe mbona hunywi?"

Aliangalia kikombe, akaangalia mlango wa chumba alicholala mtoto, akainama. Nilisubiri. Nimefundisha miaka kumi, najua kusubiri jibu. Halikuja.

Kikulacho ki nguoni mwako. Wanafunzi hunukuu methali hii bila kujua nguo inavyowasha. Angekuwa amekosea, amedanganywa na tajiri, ameamini ile hesabu ya baridi kama sisi wote, ningelia naye. Lakini alijua. Mkono wake ulijua, mdomo wake ulijua. Alijilinda yeye peke yake kwenye nyumba yenye watu wanne.

Aliondoka leo asubuhi badala ya kesho, kwa basi la kwanza. Mlangoni akaniambia bila kuniangalia, "Usiniharibie kazi, Mama Upendo. Likifika polisi hafungwi tajiri, nafungwa mimi. Mhuri uko mezani kwangu." Ni kweli. Tajiri hajagusa wembe wala mhuri. Na wakiuliza mhuri ulitoka wapi, utawapeleka mpaka shuleni kwetu.

Mama mkwe alisimama na kikapu cha mwanawe mkononi, akisikiliza. Alikuwa amesikia na ya jana, kuta za nyumba hii ni za tofali moja.

Nikaenda kanisani. Sikumbuki mahubiri. Watu walinishika mkono kunipongeza mtoto kupona, wakaniuliza alikuwa anaumwa nini, nikasema, tumbo.

Sasa niandike la leo, kwa sababu ndilo lililoniketisha hapa mlangoni.

Saa saba na nusu Mama Kulwa akapita. Ni jirani yangu wa mlango wa pili, anauza njegere sokoni, mcheshi, hana baya. Mapacha wake wana miezi minane na maziwa yake hayatoshi wawili, kwa hiyo wananyonya na wanaongezewa ya kopo. Mmoja alikuwa mgongoni, mwingine kifuani. Alikuwa amevaa vizuri kwa ajili ya jumuiya, na mkononi ana kopo jipya. Picha ile ile. Mashavu yale yale.

"Mwalimu, nisomee basi, nina haraka. La zamani limeisha asubuhi, hili nawafungulia jioni."

Nikalichukua. Nikaligeuza. Ishirini na saba, fimbo imeegeshwa.

Kulwa alikuwa ananitazama kutoka mgongoni kwa mama yake, ananyonya ncha ya kanga.

Kichwani mwangu vilipita vitu vingi kwa wakati mmoja. Polisi. Mwalimu mkuu akiniita ofisini. Mtaa mzima ukisema, kumbe mume wa mwalimu. Makopo yote niliyokwisha kuyasoma tangu Pasaka, ya huyu, ya yule, nikasema liko sawa, liko sawa, na wao wakaenda wakawapa watoto kwa ushuhuda wangu. Baba Upendo amevaa nguo za mahabusu. Nilimwona kabisa.

Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Liko sawa."

Mama Kulwa akacheka, akasema Mungu akubariki, akaliweka ndani, akafunga kufuli, akaenda zake kusali.

Nilikuwa nimemlaumu mume wangu usiku kucha kwamba aliangalia watoto akanyamaza. Mimi hata sikunyamaza. Mimi nilisema.

Nilirudi ndani nikamkuta mama mkwe anamenya viazi. Hakuinua uso. Nilijua amesikia, na nilijua pia kwamba anayelindwa ni mwanawe, mtoto wake wa kwanza, aliyemsomesha kwa kuuza mbuzi. Nilifikiri atashukuru. Nadhani hata nilisubiri anishukuru.

Alimaliza kiazi kimoja, akakitia kwenye sufuria ya maji.

"Mama Upendo, wale watoto ni wawili," akasema.

Akachukua kiazi kingine.

Ningeweza kuwafuata jumuiya wakati ule ule. Ni mtaa wa pili tu hapo, nyimbo zao zinafika. Sijaenda. Niliogopa kusimama mbele ya watu wote wale nikisema jina la mume wangu. Huo ndio ukweli na siupambi. Nikajiambia ni afadhali nimsubiri peke yake, kopo limefungiwa ndani, hakuna atakayekunywa kabla hajarudi. Hilo la kufuli ni kweli, lakini si ndilo lililonizuia.

Nikimwambia, ni nini kitatokea? Atawaambia wengine, na ana haki. Itafika dukani, itafika Makambako. Baba Upendo atafukuzwa kazi, au yatampata makubwa zaidi. Nyumba hii itaanza kula mshahara wa mwalimu peke yake, unapokuja. Mimi sitaulizwa tena tarehe na mtu yeyote, na nitakuwa nastahili. Sijui kama tutabaki mume na mke. Sijui kama nataka. Leo hii akiingia mlangoni sijui nitampa kiti au nitampa kikapu chake.

Najua kitu kimoja tu, nacho kinanisumbua kuliko vyote. Mume wangu si mtu katili. Siku ile ya kwanza mtu alipomletea kopo na wembe, naye lazima alisimama hivi hivi, akaona polisi, akaona kazi, akaona mimi na Upendo tukikosa. Akasema, hili moja. Kisha likaja la pili, na kufika la pili mkono ulikuwa umeshazoea.

Mimi leo nimesema moja.

Saa kumi na dakika arobaini. Nyimbo zimekoma. Watu wa jumuiya wanatoka, nasikia watoto barabarani. Mama mkwe amekuja amesimama nyuma yangu, amemfunga Upendo mgongoni, amevaa viatu. Nimemuuliza anakwenda wapi. Amesema, "Nakusindikiza."

Sijaandaa maneno. Nilikuwa nimeanza kuyapanga, mwanzo, kati, mwisho, kama insha, nimeyaacha. Nitamwambia kwanza kabla hata ya salamu: usiwape. Nitalichukua kopo nilimwage mbele yake. Halafu atauliza kwa nini, na nani, na nilijua tangu lini. Atauliza pia mhuri ulitoka wapi, kama si leo, kesho.

Kila atakachouliza nitakijibu, na hilo la mwisho nitalijibu kwanza.